Pini Isiyokatika

Fundi Gichovi wa Karurumo alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa pilipili, na watu waliuvumilia mdomo kwa sababu ya mikono. Ukimpelekea kitu kilichovunjika, hakuuliza kimevunjika vipi. Aliuliza ni mjinga gani amekivunja, kisha akanyamaza akingoja umtaje. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimpelekea baiskeli iliyokatika ekseli. Gichovi aliinyanyua mbele ya watu waliokuwa wakingoja gari, akaitupa barabarani, akamwambia mwalimu aende akaifundishe hesabu kwanza ndipo ijue kilo mia ni ngapi. Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, maana angefanya nini? Kisha akaiokota baiskeli yake vumbini na kuirudisha pale pale, kwa sababu kutoka Runyenjes hadi Ishiara hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza ikatengenezeka.

Ufundi aliuokota katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, alikoingia miaka michache baada ya uhuru kama kibarua wa kuosha matangi. Alitazama, akashika, akakemewa, akashika tena. Aliyemfundisha alikuwa mzee mkali aliyempiga kwa spana kila kitu kiliporudi kikiwa kimevunjika tena, na Gichovi alitoka pale na kovu juu ya sikio na imani moja tu maishani: kitu kikivunjika mara ya pili, fundi ni mwizi. Basi kila alichokitengeneza alikiongezea nguvu mara mbili. Wilbaro ya Ndwiga, jirani yake, aliifunga vyuma vya springi ya lori. Ikawa nzito hata Ndwiga hakuweza kuisukuma ikiwa tupu, lakini haikuvunjika tena, na Gichovi alikuwa akiwaonyesha wageni wilbaro hiyo ikiwa imesimama chini ya mti wa kahawa, imeota kutu, nzima kabisa.

Mwaka wa elfu mbili ulikuwa mwaka wa ukame. Mvua ilikataa, mabwawa ya mto Tana yakashuka, na nchi nzima ikaingia katika mgao wa stima. Karurumo ilipata stima saa chache tu kwa siku, na Gichovi akarudia mitungi yake ya gesi na kuchomelea kwa waya za shaba kama zamani. Ilikuwa mchana wa namna hiyo, stima imepotea, jua kali, pikapu ya makaa iliposimama mbele ya karakana. Mwanamke akashuka kutoka juu ya magunia, mweusi wa vumbi la makaa hadi kwenye kope, akaanza kuvuta kitu kilichofungwa ndani ya blanketi. Hakuna aliyemsaidia. Alikivuta peke yake mpaka mlangoni.

"Wimwega, fundi," alisalimia. "Naitwa Lydiah. Natoka chini, Kiambere, kando ya bwawa. Nimeambiwa ni wewe ulitengeneza posho mill ya kwetu, ile ya kusaga unga."

"Kwenu mko na posho mill?" Gichovi alisema. "Mimi nilifikiria huko chini mnakula mbuzi na ngozi yake."

Watu wa juu, wenye kahawa na majani chai, hawakosi la kusema juu ya Wambeere wa nyanda za joto. Lydiah alikuwa ameyasikia yote tangu utotoni. Alifungua blanketi.

Ilikuwa injini ya boti. Gichovi hakuwa ameona nyingine maishani mwake, ila hakusema. Ilikuwa ndefu, ya nguvu za farasi nane, rangi imebanduka, kichwa kama cha pikipiki, shingo ndefu ya chuma, na chini kabisa propela yenye mapanga matatu yaliyoliwa kingo. Mbogo, mume wa Lydiah, aliinunua kuukuu kwa mfanyabiashara mmoja wa Makutano kule Meru, aliyesema ilitoka Turkana. Kwa miaka sita Mbogo aliitumia kuvusha watu bwawani, Wambeere na magunia yao ya muguka, yale majani ya kutafunwa, kwenda Ukambani, Wakamba na mbuzi zao kuja huku. Kisha malaria ikampanda kichwani, akafa kwa siku tatu. Injini ikakaa miezi minane katika zizi la mbuzi.

Lydiah alieleza bila kulia. Shemeji yake, Ngari, mdogo wa Mbogo, alikuwa amedai boti. Wazee wa ukoo walikaa siku nzima, wakala mbuzi wa Lydiah mwenyewe, na jioni wakatoa uamuzi. Boti inayotembea ni ya anayeiendesha. Boti isiyotembea ni mbao, na mbao ni za ukoo. Walimpa mpaka Jumamosi ya soko, wiki mbili tangu siku hiyo. Jumamosi hiyo angewavusha wazee hadi ng'ambo na kuwarudisha. Akiweza, boti na kivuko ni vyake na watoto wake. Akishindwa, ni vya Ngari.

"Shamba je?" Gichovi aliuliza.

"Shamba letu liko chini ya maji, fundi. Bwawa lilikuja likalifunika. Hiyo boti ndiyo shamba."

Gichovi aliizunguka injini mara mbili. Hakuwa na haja ya kumhurumia mtu, lakini alipenda kuona kitu kilichowashinda wengine. Akamwambia aiache.

"Siwezi kuiacha," Lydiah alisema. "Nitakaa hapa hapa mpaka ipone."

Basi alikaa. Beth, mke wa Gichovi, mama mpole aliyezoea kufagia nyuma ya maneno ya mumewe, alimpa nafasi ya kulala jikoni. Lydiah akalipa wema huo kwa mikono, asubuhi akimchumia Beth kahawa, mchana akiketi juu ya debe mlangoni mwa karakana akiangalia injini ya mumewe ikifunguliwa.

Siku ya kwanza Gichovi alisafisha plagi, akatia petroli, akafunga injini kwenye meza ya kazi na kushika kamba.

"Fundi," Lydiah alisema, "Mbogo alikuwa anaiwashia ndani ya maji. Alisema haifai kuwashwa kama iko kavu. Na petroli anachanganya na oili."

Gichovi aligeuka polepole. Palikuwa na wateja watatu na vijana wa stendi waliokuja kuona ajabu.

"Mbogo alisema?"

"Eeh."

"Na huyo Mbogo yuko wapi sasa?"

Hata vijana wa stendi, wasioheshimu kitu, waliangalia chini. Gichovi akavuta kamba. La oili alilifuata, akaitia kimya kimya, kwa sababu pikipiki nyingi za zamani zilitaka hivyo. La maji alilipuuza. Injini zote alizowahi kuzishika zilinguruma juu ya udongo mkavu, na hakuona kwa nini hii ijifanye samaki. Alivuta mara thelathini, akarekebisha pointi, akavuta tena. Iliposhika, iliunguruma dakika moja na nusu, karakana ikajaa moshi na watu wakapiga kelele za furaha. Kisha ikaja harufu ya mpira ulioungua, na injini ikakaza na kuzima.

Alipofungua shingo alikuta kigurudumu kidogo cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini kimeyeyuka na kushikamana na chuma. Alikielewa papo hapo, maana kichwa hakikuwa kibaya. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na huyu alikuwa amekaa miaka hamsini mlimani bila kuyafika maji yoyote zaidi ya mto wa kuoshea kahawa. Mtu mwingine angesema samahani. Gichovi aliinua ule mpira ulioungua, akawaonyesha watu.

"Mpira umezeeka," alisema. "Hawa watu wa chini walikuwa wanatembea na kifo."

Lydiah aliutazama mpira ule, akamtazama yeye. Alikuwa na siku kumi zilizobaki na fundi mmoja.

Na haki isemwe: kwa siku saba zilizofuata Gichovi alifanya kazi ambayo mafundi wa mjini wangeikimbia. Alikata soli ya buti la mpira, akachonga kigurudumu kipya kwa wembe, mabawa sita, akakijaribu, akakitupa, akachonga kingine, mpaka cha nne kikakaa. Alifungua kabureta iliyoganda petroli ya zamani kama gundi, akaichemsha ndani ya sufuria ya Beth bila kumwuliza. Aliondoa kutu kwenye sumaku kwa msasa, akafunga koili kwa waya mpya. Alipokuwa akifanya kazi peke yake hakumtukana mtu. Ungemwona wakati huo ungempenda, na Lydiah, aliyemwona hivyo saa nyingi, alianza kumwamini. Hilo ndilo lililomponza.

Siku ya nane wakajaza pipa maji, wakaisimamisha injini ndani yake. Gichovi alivuta kamba mara ya tatu na injini ikashika. Ikatetemesha pipa, ikamwaga maji juu ya viatu vya watu. Tundu dogo ubavuni likaanza kutoa uzi wa maji.

"Inakojoa!" Lydiah alipiga kelele, akaruka juu akipiga makofi. "Imekojoa! Mbogo alisema kama haikojoi ni mgonjwa. Imepona!"

Stendi nzima ilicheka. Gichovi mwenyewe alitabasamu, akaziba tundu kwa kidole na kuliachilia, kama mtu anayecheza na mtoto wake. Angeishia hapo, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Lakini alipenda kumaliza kazi. Akatoa propela kutazama nyuma yake, na hapo akakuta pini. Ilikuwa kipande cha shaba, kifupi kama kidole kidogo, kimepenya katika mhimili na kushika propela isizunguke bure. Ilikuwa na mkwaruzo katikati. Gichovi aliiweka kwenye vaisi, akaigonga nyundo moja tu, ikakatika.

"Angalieni," aliwaambia watu. "Injini ya farasi nane, imeshikwa na kitu cha kutengeneza herini."

Lydiah akatoa kifuani kopo dogo la ugoro lililokuwa la Mbogo, akalifungua na kumpa fundi. Ndani yake mlikuwa na pini sita za shaba, zimekatwa sawasawa na kupakwa grisi.

"Weka hii, fundi. Na hizo zingine narudi nazo, nakuwanga nazo kwa boti kila siku."

"Kila siku? Inakatika kila siku?"

"Maji yakishuka, visiki vinakuwa karibu. Kuna miti mingi huko chini, bwawa liliifunika ikiwa imesimama. Ukigonga kisiki, pini inakatika. Unainua injini, unaweka ingine, unaenda."

"Na hamjawahi kufikiria kuweka chuma?"

"Aca!" Lydiah alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Chuma hapana. Mbogo alisema hiyo ndiyo inakufa ili zile zingine zipone."

Watu walimtazama Gichovi. Na Gichovi, na hili alilijua mwenyewe mpaka mwisho wa siku zake, alisita. Alikuwa ameshika mhimili wa chuma kizuri, gia za chuma kizuri kuliko chochote alichowahi kuona kiwandani. Waliotengeneza mashine hii walikuwa na chuma cha kila aina. Kwa nini hapa peke yake waweke kitu laini? Swali lilimjia, likasimama mbele yake likiwa na jibu mkononi. Kama angekuwa peke yake angelichukua.

Ila hakuwa peke yake. Walikuwepo watu kumi na watano, na mwalimu wa baiskeli miongoni mwao, na mwanamke wa Kimbeere aliyejaa harufu ya moshi wa jiko alikuwa anamfundisha kazi mbele yao.

"Kitu cha kufa mimi sitengenezi," alisema. "Kama mumeo alipenda vitu vya kufa, amevipata."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Alichukua biti ya drili iliyovunjika, chuma ambacho hata msumeno hukikwepa, akaikata kwa jiwe la kunoa mpaka ikatoshea, akaipigilia mahali pa pini. Lydiah alisema, "Fundi, tafadhali," mara mbili, kwa sauti ya chini. Alinyoosha mkono arudishiwe kopo lake.

"Kopo chukua," Gichovi alisema. "Shaba naitaka."

Akawasha gesi, na hapo hapo, mbele yake, akaziyeyusha zile pini sita kuziba tundu la rejeta ya pikapu iliyokuwa ikingoja. Lydiah alirudi Kiambere kesho yake na injini iliyopona na kopo tupu.

Jumamosi ilipofika, Gichovi alivaa koti la kanisani akateremka Kiambere, maana alitaka kuonekana. Bwawa lilikuwa limerudi nyuma mno. Ufuo ulikuwa matope yaliyopasuka, na ndani ya maji vilionekana vichwa vyeusi vya miti, vingine vimechomoza, vingine vikiwa rangi tu chini ya maji. Watu wa soko walikuwa wamejaa. Ngari alikuwepo, kijana mtulivu, shati safi, akimsalimia kila mtu kwa mikono miwili, hata Lydiah. Hakuwa na haja ya kusema lolote.

Mzee Kithaka, msemaji wa ukoo, aliingia botini na wazee wengine wawili. Kisha akageuka.

"Fundi naye aingie," alisema. "Aliyepika aonje."

Gichovi hakujua kuogelea. Hakuwahi kukanyaga boti. Lakini mtu aliyejenga jina lake mbele ya watu hawezi kulikataa mbele ya watu. Akaingia, akaketi katikati, akashika mbao pande zote mbili. Lydiah aliketi nyuma, akavuta kamba mara moja tu. Injini ikaitika. Maji yakakojolewa. Ufuoni wanawake wakapiga vigelegele.

Alikuwa akiendesha vizuri, na hilo Gichovi aliliona hata akiwa ameshikwa na hofu. Alikuwa akisimama kidogo, akitazama maji, akikwepa kushoto, akikwepa kulia, akipunguza moto pale maji yalipobadilika rangi. Wazee walianza kuongea habari za mbuzi, dalili kwamba wametulia. Mzee Kithaka alisema, "Huyu mama anajua." Ng'ambo ilikuwa inaonekana, watu wake, mbuzi zao, moshi wa chai. Gichovi aliachilia mkono mmoja.

Kisiki walichokipiga hakikuonekana, si na Lydiah wala na mtu mwingine. Hakuna avushaye watu katika maji yale asiyepiga kisiki. Mbogo mwenyewe alikuwa akipiga viwili kwa siku. Palikuwa na kishindo chini, boti ikaruka, injini ikatoa mlio wa kusaga meno, kisha kichwa chake kikapiga kelele juu kwa juu kama kitu kisicho na mzigo. Lydiah aliizima.

Aliiinua. Mapanga mawili ya propela yalikuwa yamejikunja. Gia boksi ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini, na kupitia ufa ule zilionekana gia, meno yamenyofoka, oili nyeusi ikidondoka na kutandaa juu ya maji. Mkono wa Lydiah ulienda kifuani bila yeye kuutuma, ukagusa kopo, ukatoka bure. Pini ya shaba, dakika tano, na wangekuwa ng'ambo. Hilo alilijua yeye, na alilijua Gichovi. Macho yao yalikutana. Aibu ilimpanda Gichovi mpaka masikioni. Kwa muda ule, akiwa katikati ya maji na koti lake la kanisani, alimwogopa mwanamke yule kuliko alivyoyaogopa maji.

Wavuvi wa Kikamba wakaja na makasia yao, wakawavuta kuwarudisha.

Ufuoni wazee waliketi juu ya magunia. Ngari alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Imevunjika," Mzee Kithaka alisema. "Sasa swali ni moja. Imevunjwa na ubovu au imevunjwa na mkono? Kama ni ubovu wa injini, tutampa huyu mama wakati mwingine, hatuwezi kumhukumu kwa kosa la chuma. Kama ni mkono, tumeshaona."

"Ni pini," Lydiah alisema. Alikuwa amesimama na matope mpaka magotini. "Wazee, mniskize. Hapo kulikuwa na pini ya shaba. Ukigonga, inakatika yenyewe, injini inabaki mzima. Fundi alitoa ya shaba akaweka chuma. Nilimwambia. Nilimwomba. Muulizeni."

Wazee hawakujua pini ni nini. Walijua mbuzi, mipaka, na viapo. Wakamgeukia anayejua.

"Fundi," Mzee Kithaka alisema, "tuambie wewe. Kazi yako ilikuwa mzima?"

Sentensi moja ingetosha. Angesema tu, mama anasema kweli, na wangempa Lydiah mwezi mwingine, na yeye Gichovi angechekwa mpaka Karurumo, na angeendelea kuishi. Watu wengi wamechekwa na wakaishi.

Gichovi aliomba koleo na jiwe. Akapiga magoti kando ya injini, akagonga, akavuta, na kutoka ndani ya uharibifu ule akachomoa ile biti ya drili. Akaipangusa kwa leso. Akainuka, akaishika juu ili watu wote waione.

"Hii ndiyo pini anasema," alisema. "Iangalieni wenyewe. Propela imekunjika, gia zimekatika, boksi imepasuka. Yangu iko namna nilivyoiweka. Mtu aligonga kisiki. Mimi sikuwa nimeshika usukani."

Pini ilipita mkono kwa mkono. Mzee Kithaka aliipima, akajaribu kuikunja, akampa mwenzake. Haikuwa na hata mkwaruzo. Mtu mmoja nyuma alisema, "Huyu ni fundi kweli," na wengine wakaitikia. Lydiah alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomtoka vibaya, na wazee waliokisikia walikunja uso, wakaona ni dharau. Hakuna aliyemwuliza anacheka nini. Kabla ya saa nane boti, makasia, kamba na mahali pa kuegesha vilikuwa vya Ngari.

Jioni Beth alimpakulia mumewe githeri.

"Boti ya Lydiah ilitembea?" aliuliza.

"Ilitembea."

"Ikafika ng'ambo?"

"Chakula hiki hakina chumvi," Gichovi alisema.

Tangu siku hiyo Beth alipokuwa akimpa chai mumewe aliiweka mezani, hakumpa mkononi, na wakaishi hivyo.

Lydiah alirudi Karurumo mwezi wa kumi, msimu wa kahawa, si kwa Gichovi. Alikuwa akichuma kahawa ya watu na mabinti zake wawili, waliokuwa wameacha shule, wakilala katika kibanda cha vibarua kando ya kiwanda. Alipita mbele ya karakana kila asubuhi na debe kichwani. Hakugeuza shingo. Gichovi alizoea kuwa na kazi ndani ya karakana saa hiyo.

Na ilikuwa asubuhi moja ya mwezi huo huo, Lydiah akiwa amepita tu, pikapu iliposimama na Ngari akashuka. Alikuwa ameuza mbuzi wanane, akapata gia boksi kuukuu na propela huko huko Makutano. Vijana wa stendi waliteremsha injini, maana huyu alikuwa mwanamume na alisaidiwa. Alimsalimia Gichovi kwa mikono miwili.

"Fundi, ni wewe tu," alisema. "Wengine siwaamini."

Gichovi alifanya kazi siku tatu. Alijaza pipa maji kabla ya kugusa kamba. Injini ikakojoa. Ilipobaki propela tu, aliwafukuza watu wote karakanani, akafunga mlango, akachukua waya ya shaba ya kuchomelea, akaipima kwa ukucha, akakata pini. Aliiweka. Ikakaa vizuri sana. Kisha akakata nyingine kumi, akazisugua ncha kwa tupa, akazipaka grisi, akazitia ndani ya kopo la rangi ya viatu.

"Kopo hili usiliache nyumbani," alimwambia Ngari. "Ukigonga kisiki, hii inakatika, injini haiumii. Unainua, unaweka ingine, unaenda. Usiwahi kuweka chuma hapa. Mtu akikuambia uweke chuma, huyo ni adui yako."

Ngari aligeuza pini moja ndogo ya manjano katika vidole vyake, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Na kitu kidogo hivi!" alisema. "Hiyo akili ulipewa na nani, fundi?"

Nje, wachumaji wa kahawa walikuwa wameanza kurudi kutoka shambani na madebe yao. Gichovi alisogeza mlango kwa mguu mpaka ukajifunga.

"Ni uzoefu tu," alisema.